Fungu Langu la Ngamia

Baba,

Najua maiti hasomi barua, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani angeniona na kalamu hii angenikemea. Na akemee. Nina hasira ambazo hazina pa kwenda ila kwako, na nikinyamaza nitapasuka.

Mwanao Omari alitaka kumchinja Shwari.

Ndiyo, Shwari, ngamia wako. Yule uliyemtoa Mokowe akiwa hajui kinu cha mafuta ni mdudu gani, ukamzoesha mwenyewe taratibu, ukachana kanzu yako kuukuu kumshonea kidoto cha macho ili asipate kizunguzungu kwa kuzunguka. Mama alikupigia kelele kwa ile kanzu. Ukamjibu, "Nami nazunguka vivyo hivyo, Bi, na hakuna anishoneaye kitu." Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa hacheki. Yumo ndani na eda yako, hatoki, na chumba cha shinikizo, penye kinu, kiko chini ya kitanda chake. Kila mchi unapolia kinuni anausikia. Siku moja aliniuliza, "Mbona mti ule walia kama mtu?" Nikaenda zangu jikoni nikalia na mimi.

Wewe kinu chako kilikuwa hakilii. Tangu nina akili, ufuta katika nyumba hii ulikuwa hauingii kinuni mpaka umeanikwa juani huko juu darini. Ulikuwa ukiutia kiganja ndani, unafumba macho, unanena, "Bado." Wanunuzi wamekaa barazani wanapiga miayo, nawe wasema bado. "Kwanda yua, kisha ngamia." Hata wageni wanaosema jua walikuwa wakikuigiza hiyo yua yako. Kisha ukisharidhika, mbio! Tunaufunika magunia usipoe, tunashuka nao ngazi, nawe nyuma yangu, "Kimbia, mwanangu, kimbia, yua lapoa!" Nilikuwa mtu mzima, nimeolewa na nimeachwa, na bado nilikuwa nakimbia na kapu kichwani nikicheka kama mtoto.

Na ilikuwa kweli. Ufuta wenye moto wa jua huyaachia mafuta yake bila ugomvi. Ngamia anazunguka kidogo, mtungi umejaa, anafunguliwa kabla hajatoka povu. Shudu linalobaki ufuta ukishakamuliwa analila yeye, kwa kuwa ulisema nguvu zimetoka kwake na lazima zirudi kwake. Hukumpigia kelele hata siku moja. Kuni hukuchoma, mjeledi hukuwa nao, na mafuta yako yalitafutwa mpaka Siyu.

Sasa msikilize Omari. Mjini siku hizi kumejaa mafuta ya taa, yale ya madebe yanayoshushwa forodhani. Watu wanayatia katika taa zao badala ya yetu, yananuka, moshi wake unachafua kuta, lakini wanayapenda. Omari kaingiwa na kiwewe. Anadhani akikamua mengi mno atayashinda madebe. Kwa hiyo kuanika darini, kwake, ni kupoteza wakati! Ufuta unatoka guniani baridi kama ulivyo, unatupwa kinuni. Ukigoma kutoa mafuta, anaongeza mawe juu ya mti wa kinu. Ukigoma tena, anaongeza mawe. Na shudu? Analiuza kwa wenye ng'ombe. Shwari anapewa majani makavu, basi, na ashukuru.

Nilimwambia kwa upole, wallahi nilianza kwa upole. "Mdogo wangu, ngamia anazunguka tangu alfajiri mpaka alasiri, na mtungi ni ule ule. Hizo nguvu zote zinakwenda wapi?" Akanitazama juu mpaka chini. "Dada, mambo ya kinu yaachie wanaume." Ala! Mikono iliyoupandisha ule ufuta darini miaka yote ni ya nani? Yake? Yeye aliyekuwa akijificha msikitini ukimwita kushika kapu!

Na hayo mafuta yenyewe, laiti ungeyaona. Mazito, yamejaa machicha. Bi Zainabu wa jirani alirudisha kibuyu chake, akasema kwa adabu zake zote, "Mwanangu, haya ni ya kupaka milango." Nilitamani ardhi inimeze. Jina wanalolitaja mlangoni ni lako, Baba. Hawasemi mafuta ya Omari.

Juzi Shwari akaanguka. Nilikuwa juu nasuka ukili, nikasikia kishindo, kisha kimya. Niliposhuka alikuwa amepiga magoti kinuni, mti umemlalia begani, kidoto kimeteleza jicho moja liko wazi. Jicho lile, Baba. Nilitaka kumwondolea yale mawe ya mtini, Omari akanisukuma. Akampiga na kamba. Akampiga tena. Alipoona hainuki akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza habari ya kuku, "Basi huyu amekwisha. Nitamchinja tule nyama, nitafute mwengine bara." Akenda kuleta kisu.

Hapo ndipo niliposahau haya zangu zote. Nilikwenda nikaketi mbele ya yule ngamia, mgongo wangu kifuani mwake, nimejifunga buibui kiunoni. Omari akarudi, na watu wawili watatu wamesimama ndiani, nje ya mlango, wanachungulia. Nikamwambia, tena kwa sauti ili wasikie, "Kadhi ametugawia mirathi, na ngamia huyu hajagawanywa, bado ni wetu sote. Wewe una mafungu mawili na mimi nina langu. Chinja yako. Langu likikatika, nakupeleka kwa kadhi na kisu chako mkononi."

Akacheka, akawageukia wale watu. "Haya, fungu lako ni lipi? Mguu? Mkia?"

Nikazidi kumwegemea Shwari. Mara ikatoka juu, nyuma ya pazia la dirisha, sauti ya Mama, ambaye tangu tukuzike hajapata kunena neno likasikika nje.

"Omari. Na mimi nina thumuni yangu kwa baba yako, fungu moja katika manane. Nataka shingo."

Mmoja kule ndiani alisema "Takbiri!" na wenzake wakaangua kicheko. Omari alisimama na kisu chake, akitafuta pa kukitia, mwisho akakificha katika kikoi, akatoka. Hajarudi kula mpaka sasa. Sijamsamehe, na nikimpikia nitampikia kwa sababu ni ndugu yangu tu.

Nakuaga, Baba. Mola akulaze penye kivuli. Ahadi yangu ni hii: hapana atakayemfunga Shwari kinuni mpaka asimame mwenyewe, na siku hiyo ufuta nitaupandisha darini mimi na nitasema "bado" mimi, wanunuzi wapige miayo watakavyo. Asubuhi hii nimemnunulia shudu kwa wenye ng'ombe, nikamlisha mkononi. Amelila lote. Kisha akanitemea mate usoni, nikamkumbatia.

Mwanao,
Mwana Khadija