Kabati Lililokataa Kuhama

Wanangu,

Msiguse mlango wa jikoni, rangi bado mbichi. Chakula kiko kwenye sufuria kubwa. Baba yenu kajilaza, ~~msimcheke~~ mcheke kidogo tu.

Wiki nzima alijifungia chumbani kwetu akimtengenezea Bibi kabati la nyumba yake mpya. Leo asubuhi wapagazi wamekuja kulichukua, halipiti mlangoni. Wakaliinamisha, wakalilaza, wakaligeuza kichwa chini. Wapi! Nikasema lipasuliwe. Baba yenu akalikumbatia: "Nipasueni mimi kwanza!"

Bibi alikuwa nje kwenye lori, kakaa juu ya godoro lake, kachoka kungoja. Akashuka, akaingia chumbani, akanusa mbao, akatundika koti lake kabatini. "Mwanangu kalitengeneza kwa mikono yake," akasema. "Kama haliji kwangu, nimekuja mimi." Wapagazi wakaanza kushusha vyombo.

Nilikuwa nimefura kwa hasira, mpaka nikamsikia Bibi anaimba humo ndani. Tangu babu yenu atutoke, alikuwa hajawahi kuimba. Nikaingia, nikamsaidia kukunja nguo.

Nakwenda kurudisha funguo za nyumba mpya. Mkitaka kuingia kwa Bibi, pigeni hodi.

Mama yenu, sasa wa sebuleni