Dawa ya Mchango

Jumatatu, 4 Machi
Nimemeza vidonge vyangu, nimempa Eliya dawa yake ya maji. Ametimiza wiki tatu leo. Mama mkwe ametukuta. Ameshuka kutoka Mbulu siku nne zilizopita kuja kuniuguza uzazi. Akauliza dawa ya mtoto ni ya nini. Nikasema ya mchango. Ulimi ulitangulia. Baba Eliya alikuwa anafunga viatu, akaitikia: ndiyo, tumbo linamsumbua. Tulishapatana kwamba mama yake asijue habari ya virusi. Mume wangu ndiye aliyetaka. Mimi nilikubali kwa aibu tu.

Jumatano, 6 Machi
Kliniki, kuchukua dawa zangu. Muuguzi amerudia yale yale: maziwa yangu peke yake, miezi sita. Hata maji, hapana. Ukimchanganyia vitu vingine tumbo lake linachubuka, na virusi vinapata njia. Kuyanunua ya kopo hatuwezi. Mimi nilianza dawa mimba ikiwa na miezi saba, virusi vyangu bado havijashuka vya kutosha. Kwa hiyo kila akinyonya naogopa. Kila siku, kila saa.
Eliya nilimwacha na mama mkwe. Nimerudi nyumbani Singe kwa bajaji, nimemkuta amelala fofofo. Nikashukuru.

Ijumaa, 8 Machi
Eliya ananyonya kidogo. Choo kimebadilika rangi. Mama hana wasiwasi, anaimba. Ananikanda kwa maji ya moto, ananipikia mtori, nepi hataki nizishike. Nampenda. Nimechoka kumdanganya.

Jumapili, 10 Machi
Nimetoka kuoga, nikaona.
Mama amempakata Eliya, ana kijiko. Mizizi iliyochemshwa, ndani yake maziwa ya ng'ombe ili isiwe chungu. Nimempokonya mtoto. Nimepiga kelele mpaka jirani akachungulia.
"Si mlisema ana mchango, Mama Eliya? Wanangu wote saba niliwapa hii."
Tangu lini? Tangu Jumatatu. Asubuhi na jioni, kila ninapoingia bafuni. Wala hakuwa anajificha. Aliona ananipunguzia kazi.
Siku saba. Na aliyemwambia ana mchango ni mimi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwambia. Baba Eliya alikuwa karakana, sikumsubiri. Nimelitaja neno lenyewe, UKIMWI, kwa sauti, ndani ya nyumba hii. Mama akauliza, "Na mwanangu?"
Nikasema, naye pia.
Amejifunika uso kwa kitenge.
Jioni Baba Eliya amefoka. Eti nimemvua nguo mbele ya mama yake. Nikamwambia aibu yake aiweke pembeni, tuna mtoto. Sijawahi kumjibu hivyo. Sijutii.

Jumanne, 12 Machi
Muuguzi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amesema tu: rudi kwenye titi peke yake, dawa usiruke, tutapima wiki sita zikitimia.

Alhamisi, 28 Machi
Wametoboa kisigino, damu wameidondoshea kwenye karatasi. Eliya kalia kidogo tu. Mama alikuja nasi, akakaa benchi la mwisho kabisa. Majibu tuyasubiri.

Ijumaa, 5 Aprili
Hakuna majibu. Nachukia simu yangu. Baba Eliya anapiga randa mbao hata siku ambazo hana kazi. Wote watatu tunamwangalia mtoto mmoja.

Ijumaa, 12 Aprili
Anavyo virusi.
Muuguzi amesema watarudia kipimo kuthibitisha, lakini dawa aanze leo. Nimesikia maneno, sikuyashika. Mama ndiye aliyeyashika. Akamuuliza muuguzi, taratibu, "Ni mimi, mwanangu?" Muuguzi akasema haijulikani. Huenda ni siku ya kuzaliwa, huenda ni maziwa yangu yenyewe, huenda ni zile siku saba. Hakuna kipimo cha kutuambia.
Nilitaka kumwambia mama si yeye. Sikuweza. Nilitaka pia kumwambia ni yeye. Mungu anisamehe, nilitaka sana.

Jumapili, 14 Aprili
Mvua tangu alfajiri, hatukwenda kanisani. Eliya amenyonya vizuri. Muuguzi alisema niendelee, kwa mtoto maziwa yangu bado ni chakula.
Mama hajamgusa tangu Ijumaa. Anafua, anapika, anapita kando ya kitanda. Mchana alisimama mlangoni, mikono ameikausha kwenye kanga, akaniuliza kama anaruhusiwa kumbeba.
Mwanamke aliyelea saba.
Nimempa. Alikaa naye kwenye kigoda, hakuimba.