Mlango wa kulia wa gari la Hamisi

Jumanne, Nachingwea. Jua limewaka tangu asubuhi, na mawingu ya upande wa Mnero yanaendelea kutudanganya kwamba mvua inakuja.

Naandika nikiwa ndani. Niko kwenye eda. Tangu tumzike mume wangu, Hamisi, sijatoka nje ya ua wa nyumba ya mama yake. Wanaokuja kunipa pole wananiambia nipumzike.

Nimepumzika mpaka nimechoka.

Gari lake liko uani. Lilikuwa linabeba abiria kati ya hapa na Ruangwa, na kila akipata nafasi alikuwa akilitengenezea makasha ya spika kwa mikono yake, ya faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi ya rezini, yaliyovimba kwa chini milangoni. Mimi ndiye niliyemshikia kitambaa akikivuta juu ya duara la mbao. Mlango wa kushoto aliumaliza. Wa kulia aliuacha na kitambaa kitupu, homa ikamlaza, na hakuamka.

Kila nikienda bafuni naupita mlango ule.

Nina hasira naye. Sijamwambia mtu. Mtu anaachaje kitu nusu?

Leo nimemwomba mama mkwe ruhusa niumalizie. Nilidhani atakataa. Aliuliza tu kama kazi yenyewe ina muziki. Nikamwambia haina, ni kupaka na kusubiri. Akasema nifanye, ila nisivuke ua. Kana kwamba ningekwenda wapi.

Kopo la kwanza nililiharibu. Kwa joto hili nilizidisha dawa ya kugandishia, rezini ikachemka yenyewe ikawa jiwe kabla sijachovya brashi. Nikakaa chini nikalia, na wala si kwa ajili ya rezini. Kisha nikachanganya nyingine, kidogo kidogo, kivulini, kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikapaka mpaka kitambaa kikalowa, nikalaza vipande vya faiba, nikavigongagonga kwa brashi kutoa hewa. Manukato nimekatazwa. Harufu ya rezini hakuna aliyenikataza, ingawa ndiyo iliyokuwa kwenye shati lake kila siku.

Nikiwa katikati ya kazi akaingia shemeji Issa, kaka yake Hamisi, kutoka Nandagala. Nikajificha nyuma ya gari, mikono inanata, ushungi umeteleza na siwezi kuugusa. Akakaa barazani kuzungumza na mama yake kana kwamba mimi sipo. Alisema ameshapata dereva huko Ruangwa. Wiki hii atalichukua gari, na yale madude ya milangoni atayang'oa, yanabana miguu ya abiria. Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Alikuwa anapanga tu, na mimi simo kwenye mpango.

Nikasema kutoka kule kule nilikojificha, "Shemeji, mirathi haijagawanywa. Mimi na mama tuna mafungu yetu humo."

Akauliza, "Sasa wewe utalifanyia nini, shemeji? Kuendesha hujui."

Ni kweli.

Aliyejibu ni mama mkwe, mtu ambaye hapendi maneno mengi. "Atajifunza. Gari litakaa hapa mpaka atoke eda, halafu tutakaa wote tugawane."

Issa hakubishana na mama yake. Alikunywa maji, akaaga.

Mama mkwe akazunguka gari mpaka nilipokuwa. Aliurudisha ushungi wangu kichwani, akaubana vizuri kwa pini, akaingia ndani kuchambua mchele.

Sasa rezini imekauka. Nimeigonga kwa kucha, ni ngumu. Kesho ni msasa.

Ningepaswa kufurahi, lakini bado sina raha. Mama yangu mzazi yuko Mbwemkuru na ananisubiri nirudi kwetu eda ikiisha. Mama mkwe leo amenitetea, na sijui kama alikuwa ananifungulia mlango au ananiomba nisimwache peke yake. Nikilipata gari, je, nitaweza kumuaga mwanamke huyu? Nikiliacha, nitakuwa nimebaki na nini cha Hamisi?

Nitajifunza kuendesha. Hilo nimeliamua. Ila siku ya kwanza nikikaa kwenye kiti chake na kuwasha injini, nitashika njia ya Mbwemkuru, au nitazunguka mji huu huu na kurudi hapa hapa?