Samadi ya Banda la Kuzalia

Lindereind, Brabant
14 Septemba 2009

Kwa Dada yangu mpendwa Truda,

Kwa heshima zote nakusalimu wewe na shemeji Wim, nikitaraji kwamba kikohozi kimepungua tangu tulipozungumza kwa simu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti.

Siku ile ulisema: "Driek, huyo Sjaak na mbuzi wake mia tisa wameniua. Usimsalimie tena!" Nilitii. Aidha, niliiandikia halmashauri ombi rasmi kwamba zizi lake lifungwe, na majirani thelathini na wanane wakatia saini.

Hata hivyo, udadisi haukuniacha. Nilitundika ramani jikoni, nikachoma pini kwa kila aliyeugua homa na kikohozi kama chako tangu Mei. Jirani yetu Nolda alinicheka: "Mzee Driek, umekuwa jenerali sasa? Unapigana na mbuzi?" Lakini naye alisogea kutazama. Nilitegemea pini zizunguke zizi la Sjaak. Badala yake, tisa kati ya kumi na moja zilisongamana mtaani kwetu, kilomita mbili kutoka zizini, zote magharibi mwa bustani yangu.

Kisha alikuja daktari wa wilaya. Alieleza kwamba bakteria wa homa hii, iitwayo homa ya Q, hujaa katika kondo na maji ya uzazi ya mbuzi, husalia katika majani makavu ya malalo, na upepo huwapeperusha pamoja na vumbi. Akauliza ni nani aliyetandaza samadi ya mbuzi masika haya. Nilijibu kwamba sijui.

Dada, nilidanganya.

Wajua kwamba kila mwaka Sjaak hunipa samadi, nami humpelekea kikapu cha kwanza cha stroberi. Aprili nilichota tela zima kutoka banda la kuzalia. Alinionya: "Mbuzi wametupa mimba sana mwaka huu, sielewi kwa nini. Funika hiyo kitu mpaka vuli, usiichokonoe." Akanipa na turubai. Lakini wewe ulikuwa umekuja kwa Sikukuu ya Mama, nami nilitaka matuta yapendeze Jumapili hiyo. Nilitandaza Jumamosi ile kavu, upepo ukitoka mashariki, nawe ukianika mashuka mwisho wa bustani. Ulicheka kwamba yameshika makapi, ukayakung'uta kwa mikono yako.

Ijumaa nilimwendea Sjaak nikamweleza yote. Akauliza: "Na turubai langu liko wapi?" Lilikuwa bado telani, limekunjwa kama alivyolikunja. Ombi nimeliondoa, na daktari wa wilaya ameshapata maelezo yangu yenye saini moja tu.

Daktari wako anasema ni mafua. Tafadhali mpelekee karatasi niliyoambatisha, umtake apime damu yako kwa homa ya Q, na umkumbushe kwamba moyo wako ulipasuliwa ukarekebishwa vali, kwani homa hii hushambulia vali kama hiyo. Asikuambie usubiri.

Kapimwe kwanza, Dada, kisha unikasirikie kadiri upendavyo.

Nolda anakusalimu sana.

Ni mimi, mdogo wako mwenye kosa,
Driek Verhoeks