Kwa Nini Nilimpiga Mtani Wangu, na Kwa Nini Sirudi Tunduru

Asalaam aleikum, mdogo wangu Sauda.

Marahaba. Najua shikamoo umeshaitoa kabla hujamaliza kuchana bahasha, kwa hiyo naipokea mapema. Mgongo wako unaendeleaje? Mikorosho ya marehemu baba mmeshapalilia, au nyani ndio wenye shamba sasa? Mimi ni mzima wa kila kitu isipokuwa magoti na moyo. Baridi ya Songea mwezi huu inauma mpaka meno, ila mimi yamebaki matatu tu, nimepata nafuu kuliko wenzangu.

Simu ninayo, lakini ukinisikia sauti utaanza kulia, na mimi vocha yangu siinunulii machozi. Ndiyo maana naandika na herufi zangu hizi za ngumbaru, leo siku ya nne.

Uliniuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni kweli nilimpiga mtani kwenye msiba wa mke wangu. Pili, nitarudi lini nyumbani, maana Somoe hayupo tena, mtoto Mungu hakutupa, na chumba umeshanipigia lipu. Hilo la lipu limeniingia rohoni. Nakujibu.

Ni kweli nilimpiga.

Wewe ulikuwa unaumwa, hukuja, ngoja nikuambie ilivyokuwa. Wangoni ni watani zetu sisi Wayao, hilo unalijua. Miaka yote niliyokaa hapa Majengo hakuna msiba wa Mngoni uliokwisha bila mimi. Kuanzia Ruhuwiko mpaka Matogoro, akifa mtu wanauliza kwanza, "Yule Myao fundi majiko ameshaambiwa?" Nimewahi kumchekesha padri mbele ya jeneza mpaka miwani ikamdondoka. Nimewahi kuiga kikohozi cha marehemu mmoja mpaka mjane akaenda kuleta dawa. Walikuwepo watu, waulize. Somoe alikuwa ananiambia, "Wewe mzee, siku yako Wangoni watakulipizia mpaka ufufuke."

Basi siku yake yeye ikatangulia. Watani wakaja, wakachimba kaburi, wakapika. Tumerudi kutoka kuzika, namwona Ngonyani, jirani yangu muuza mkaa, mtani wangu kuliko wote, anatoka chumbani amejitanda kanga ya Somoe, ameshika upawa. Akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya puani kama ya Somoe, "Wewe mzee! Majiko ya mji mzima unaziba, hili langu linamwaga majivu tangu umenioa!"

Watu hawana mbavu. Sauda, alikuwa Somoe. Alikuwa yeye mwenyewe, na mimi udongo wa kaburi lake bado uko kwenye kucha zangu. Nikanyakua mwiko wa ugali nikampiga nao puani.

"Toka kwangu! Vua hiyo kanga!"

Akaivua. Akaikunja, akaiweka kwenye mkeka, akatoka damu inamchuruzika. Watani wote wakamfuata. Umeona wapi mtu anamkasirikia mtani msibani? Msiba ukabaki kimya, watu wanatafuna wali kama wamefungiwa ndani.

Toka hapo unajua walinifanyaje? Waliniheshimu. Nikipita, "Shikamoo mzee," basi. Hakuna wa kuniita mtumwa wake, hakuna wa kuninyang'anya kofia. Ngonyani akawa ananiamkia kama naniliu, kama mkwe. Miezi mitatu hiyo. Nyundo sikuishika. Msikitini nilikwenda, nainama, nainuka, lakini moyoni nagombana na Mungu. Namwambia, ulinipa furaha moja tu na umeichukua, sasa mimi nibaki na nini?

Mwezi uliopita akafa Otilia, binti wa mwisho wa Ngonyani. Kifua kilimsumbua siku nyingi. Mama Otilia akaja mwenyewe kibandani kwangu, macho yamevimba.

"Mwenzako hali, halii," akasema. "Watani wamekuja, hawasikii. Anaangalia mlango tu."

"Mama, mimi utani nimeacha."

"Nani kakupa ruhusa? Nyanyuka, Myao."

Nikanyanyuka. Kufika pale, utani hauji. Mimi, Sauda! Mimi nikakosa neno! Kwa aibu nikachukua jembe nikaenda na wachimbaji makaburini Matogoro. Walipokaa kupumzika, nikashuka ndani ya kaburi. Wakadhani nimeanza mambo yangu. Wewe peke yako nakuambia ukweli: nilitaka nilale pale nijue Somoe anaona nini.

Nikalala. Udongo una baridi sana. Nikalia, machozi ya miezi mitatu yananiingia masikioni. Nikasema, Ya Rabi, nipe hata kidogo. Ndipo nikamkumbuka Ngonyani alivyoikunja ile kanga. Mtu amepigwa, anavuja damu, lakini anaikunja kanga ya mke wangu pembe kwa pembe isiguse damu. Nikaona yule hakuja kunicheka. Alikuja kunibebea msiba. Na mimi nilikuwa nawabebea watu miaka yote, ila nilidhani ni kwa vile najua sana kuchekesha.

Mimi si shehe, sijui nikuelezeje. Ile furaha niliyokuwa namdai Mungu, hakuwa ameiweka yote kwa Somoe. Nyingine alishaniwekea humu ndani zamani, pamoja na kazi yake ya kuifanya, na mimi naitafuta nje kwenye vicheko vya watu. Moyo bado umevunjika, sikudanganyi, mpaka leo umevunjika. Lakini chini yake pale nilisikia mahali pametulia.

Sasa kutoka! Magoti yakagoma. Nikajaribu mara mbili, wachimbaji wanacheka wakidhani ni utani, nikabaki nimeng'ang'ania ukingo kama panya kwenye ndoo. Mara jeneza hilo linakuja na nyimbo zao za kanisani, na mimi nimo. Wimbo ukakatika. Ngonyani akasogea, akainama akanitazama.

"Myao," akasema. "Hata kaburi la mwanangu unataka kuiba?"

"Nalipima, Mngoni. Mmelichimba fupi. Binti alikuwa mrefu, hakufanana na wewe kisiki."

Akacheka. Kicheko kikampasukia kifuani kikawa kilio, akaanguka magoti kwenye udongo, na huku analia amenyoosha mkono anivute. Akanivuta. Tukalia tumeshikana mpaka padri akafunga kitabu akatusubiri. Mji mzima unasema huo ndio utani wangu mkubwa kuliko wote. Nimewaacha waseme.

Sasa la pili. Sirudi, mdogo wangu. Najua hapo umeweka barua chini. Huko yako makaburi ya wazazi na uko wewe, niliyekubeba mgongoni ukanikojolea shati la Idi. Ukiniita naumia. Lakini huko nitakuwa mzee wa kulishwa uji. Huku nikishaswali alfajiri namlilia Somoe kidogo, kisha nashika nyundo, na najua kuna nyumba itanihitaji. Korosho zikianza kuanguka, Mungu akipenda, nitakuja nikae wiki mbili, nilale kwenye chumba chako cha lipu. Halafu uniruhusu niondoke.

Msalimie shemeji Ajali, mumeo, mwenye pikipiki inayosukumwa kuliko inavyopandwa. Msalimie shangazi Biti Saidi, mkubwa wetu aliyebaki, mwambie namwombea. Na mkweo Halima, anayekupikia, mwambie Mungu amzidishie uvumilivu.

Na nikifa huku, ukija ukamkuta Ngonyani amevaa kofia yangu, anatembea kama mimi, watu wanacheka, usimguse. Juzi nimemfundisha mguu ninaouburuza ni upi, maana alikuwa anakosea, anaburuza wa kushoto.

Ni mimi kaka yako,
Athumani, fundi majiko, Majengo.