Pazia Lisiloitikia Salamu

Mama Lusajo, mke wangu,

Kwanza goti lako. Mara ya mwisho uliniambia unashuka shambani kwa fimbo, ukacheka, nami sikucheka. Je, ulikwenda Makandana kuonwa na daktari kama tulivyokubaliana, au bado unasubiri mvua ikatike? Mvua ya Kinyala haikatiki, unajua mwenyewe. Mimi mwili ni mzima. Haya mengine sikutaka kuyasema kwa simu, kwa sababu simu yako husikilizwa na akina mama wote wanaochuma chai nawe, na nusu saa baadaye yameshafika kanisani.

Sikupata kiti. Nimeanza na mwisho ili usisome kwa wasiwasi.

Acha nikueleze jambo lenyewe, maana utaulizwa. Okestra ya huku Ujerumani si kama bendi yetu ya matarumbeta pale kanisani, ambapo mtu akijua kupuliza anasogezewa nafasi kwenye benchi. Wapigaji ni themanini, wengi wao wa fidla, lakini wa tromboni, ile tarumbeta ya kuvuta ninayopiga mimi, ni watatu tu. Mpaka mmoja wao astaafu ndipo kiti kinapatikana, na wanaokigombea wanatoka nchi nzima. Masomo yangu yanakwisha mwaka huu, na kibali cha kukaa kinakwisha nayo. Tulikubaliana nikipata kiti utanifuata, nikikosa nitarudi. Nilikuwa na nafasi mbili za usaili, mwezi wa tatu na mwezi wa tano, basi.

Usaili unafanywa nyuma ya pazia. Waamuzi wanakaa upande mmoja, wewe unasimama upande wa pili, na sakafuni wametandika zulia ili hata viatu visiseme kama ni vya mwanamke au vya mwanamume. Wasione rangi yako, wasijue umri wako wala wewe ni mtoto wa nani. Nilipoelezwa niliusifu sana utaratibu huo. Nimefundisha shule miaka ishirini na tisa, nimeona nafasi zikigawanywa kwa kutazama ukoo. Nikasema, hawa wamepata dawa.

Siku ya kwanza niliingia, nikasimama juu ya zulia. Nyuma ya kile kitambaa nikasikia mtu anakohoa, kikohozi cha mtu mzima. Sasa wewe umelelewa Nkunga, niambie. Unaingiaje mahali penye wazee, ukaanza kuwapulizia tarumbeta bila neno? Kabla sijafikiri nikainama, nikatoa salamu ya kwetu, "Mugonile."

Mama aliyesimama mlangoni akanijia haraka, akanishika kiwiko.

"Umesema," akaninong'oneza.

"Nimesalimia."

"Hairuhusiwi kusema. Sasa wamekujua."

"Wamenijua vipi, na hawakuitikia?"

Akanitoa nje. Miezi minne ya mazoezi, na sikupuliza hata nota moja.

Wanjiru, yule binti Mkenya ninayesoma naye, alicheka hadi akakaa chini. "Mzee, umepigia kitambaa hodi! Salimia moyoni, mzee wangu, pazia halina adabu." Nilimnunia siku mbili. Lakini ni yeye aliyenisindikiza mwezi wa tano, kwenye okestra ya mji mwingine, na mlangoni akaniwekea kidole mdomoni kama unavyowafanyia wajukuu ibadani.

Safari hii niliingia kama mwizi. Nikapiga. Mama Lusajo, sitaki kujisifu, lakini sijawahi kupiga vile, hata alfajiri ya Pasaka pale makaburini, bendi nzima ikiwa nyuma yangu. Wakaniita raundi ya pili. Tukabaki watatu. Raundi ya tatu pazia linaondolewa, maana wanataka kuona mtu watakayekaa naye.

Nikawaona, watu watano. Nao wakaniona. Mmoja mwenye miwani akatazama karatasi, akatazama mvi zangu, akatazama karatasi tena. Nikapiga vilevile, midomo ilikuwa ileile. Nilipomaliza hakuuliza lolote juu ya muziki.

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na saba."

"Kwetu hapa wenye umri huo wanaanza kujiandaa kustaafu," akasema kwa upole sana. Upole ule ndio unaouma. Angekuwa mkali ningemjibu.

Kiti amepewa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Nilimsikiliza kutoka nje ya ukumbi. Anapiga vizuri. Nota moja ya juu ilimteleza, wala sitasema uongo kwamba zilikuwa nyingi. Mwalimu wangu anasema wanatafuta mtu wa kukaa naye miaka arobaini, na kwamba hiyo ni busara. Huenda ni busara. Ila sasa naijua kazi ya lile pazia: linayachelewesha macho tu, halafu macho yanakuja kufanya yaleyale.

Kuna jambo nakuambia wewe peke yako. Baada ya matokeo wale watano walijipanga mlangoni kutushika mkono. Nikawapita. Nilipita mbele ya watu watano, wawili wao wakubwa kwangu, mikono yao imenyooshwa, nisimtazame hata mmoja, kama mbuzi anayetoka zizini. Nilidhani nitaona raha. Hadi ndani ya treni nilikuwa nawasalimia moyoni, mmoja mmoja.

Nisalimie mama yako, na dada yangu mkubwa wa sokoni, mwambie ndizi za huku hazina ladha. Lusajo na mkewe wapalilie miparachichi kabla sijafika. Mchungaji mwambie namshukuru kwa sala, bila zaidi.

Ninarudi mwezi wa nane. Najua mdogo wangu Gwamaka, kwa kuwa ndiye anayeongoza bendi sasa, atataka kuileta yote stendi ya Tukuyu inipigie nikishuka, kama tunavyowafanyia wanaotoka ng'ambo. Mzuie. Mwambie sijui tarehe. Nitapanda bodaboda nije zangu.

Na wakikuuliza kama nilifaulu usaili, sema nilifaulu raundi mbili. Hiyo ya tatu niachie mimi.

Mumeo anayekupenda,
Baba Lusajo