Bihogo Hachemki kwa Uzee

Mpendwa Shangazi,

"Gari likizeeka huchemka, kama mzee anavyopandwa na homa. Joto la Bihogo ni uzee, na uzee hauna fundi. Tumuuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yaishe."

Maneno hayo si yangu, Mungu aniepushe. Ni ya Zakaria, mtoto wa baba mdogo. Aliyaandika kwenye kundi la simu la ukoo, na ndugu wakayamiminia vidole gumba kana kwamba ametangaza harusi. Jumamosi wanakaa kikao cha kuamua. Nakuandikia wewe kwa sababu gari ulituachia wewe, na naandika wazi ili nao wasome kabla hawajakalia viti.

Uzee hauchemshi maji, Shangazi. Kengele ya kanisa letu pale Ntobeye ina umri mkubwa kuliko Zakaria na baba yake, na sijasikia imechemka. Kinachochemsha maji ni moto uliozibiwa njia ya kutokea. Joto la injini lina milango yake. Ukiifunga milango ukaacha moto unawaka ndani, hata gari lililotoka kiwandani jana litatoa mvuke. Sasa niambie: aliyefunga milango ni uzee, au ni sisi?

Unakumbuka siku ulipomleta? Makambi ya wakimbizi yalikuwa yamefungwa, magari ya mashirika yanapigwa mnada, na wanaume wa kijiji walikwenda kuangalia tu. Wewe ulikwenda kununua. Ulirudi umekalia mto wa kitanda ili uone juu ya usukani, ukiendesha gari la dizeli la magurudumu manne, rangi ya udongo, lililokwisha kuzunguka milima yote ya Ngara. Ukalipa jina la ng'ombe mwekundu wa babu, Bihogo, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuliita "hilo gari" mbele yako. Mzee mmoja alikuuliza pale sokoni, "Mwanamke, gari kubwa hivi litakutii?" Ukamjibu, "Mzee wangu, shikamoo. Mume wangu alikuwa mkubwa kuliko hili na alinitii." Soko zima liliacha kupima maharage.

Naye Bihogo alifanya kazi. Alibeba maharage ya watu, mabati ya watu, maharusi na maiti za watu. Alibeba wajawazito kutoka kijiji cha Kirushya mvua ikinyesha, na mmoja hakusubiri hospitali. Binti aliyezaliwa kwenye kiti cha nyuma anaitwa Dizeli mpaka leo, ingawa padri alimbatiza jina lingine zuri tu. Zakaria anasema siku hizi kuna bodaboda. Bodaboda! Kwenye tope la masika, mama mwenye uchungu apandishwe nyuma ya pikipiki akashikilie nini, imani?

Lakini nisikasirike mapema. Nilitaka kwanza kucheka nawe.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijua kila kitu, kama wanavyojua wote waliomaliza kidato cha nne. Ile ya mbele inayopoza maji ya injini wewe uliita lejeta, nami nikakusahihisha: "Ni rejeta, Shangazi." Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, mvuke unapanda hadi kwenye mikaratusi. Ukanitazama, kitambaa mkononi, ukasema, "Sawa, mwalimu. Iambie basi kwa Kiswahili sanifu iache kuchemka."

Ndipo nikaingia kwenye ubishi wa themostati. Fundi mmoja alikuwa amenishawishi kwamba kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ni anasa ya nchi za baridi. Kitupwe, maji yapite muda wote, injini itapoa. Niliitetea rai hiyo siku nzima, kwa hoja na mifano, mpaka ukachoka ukaniambia, "Haya, kitoe." Tukakitoa. Tukirudi kutoka Kirushya hatukumaliza hata mlima wa kwanza. Kwenye injini ya aina ile, kile kidude ndicho kinachoyalazimisha maji ya moto yapite kwenye rejeta. Kikiondoka, sehemu ya maji inapita njia ya mkato na kurudi kwenye injini ikiwa na moto wake uleule. Ulikaa juu ya jiwe ukila karanga huku unanisubiri nikirudishe kwa mikono yangu. "Hoja zimeisha," uliniuliza, "au kuna nyingine njiani?" Tangu hapo nimebishana na watu wengi wenye vyeo. Hakuna aliyenishinda kwa maneno machache namna ile.

Na kipimajoto chako! Geji ya joto kwenye dashibodi ilikuwa mbovu miaka na miaka, ukaamua kutumia kiazi kitamu. Ulikifunga kwa waya kando ya mabomba ya mafuta, mahali palepale kila safari, umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye ekzosi, bomba la moshi. Kiazi kikifika kibichi, chini ya boneti kuna hewa. Kikifika kimeiva, kuna joto lililokwama humo, na joto lililokwama hukausha mipira, hupasua waya na kuua betri kabla ya siku zake. Sikuwahi kusoma popote kanuni iliyo wazi kuliko hiyo. Tatizo letu, Shangazi, ni kwamba kila tuliporudi kutoka Kirushya kiazi kilikuwa kimeiva vizuri mno, na sisi tulikuwa na njaa. Tulikula ushahidi.

Tulikuwa na maelezo yetu: Bihogo hapendi kurudi nyumbani. Kwenda Kirushya, salama. Kurudi, anachemka palepale kwenye mlima. Ulimpigapiga boneti ukimwambia, "Ng'ombe gani wewe unayekataa zizi?" Watoto wa ukoo walikua wakiamini hivyo, na mimi msomaji wa vitabu nilikuwa mmoja wao.

Hukuondoka duniani ukiwa umejua jibu. Ngoja nikuambie.

Ulipotutoka, Zakaria akawa mwangalizi wa gari, na kwa kuwa lilichemka akalitibu kwa njia zake. Themostati akaitoa, ile ile. Bati la kukinga joto la ekzosi lilikuwa linagonga likitikisika, akalifungua. Kava la feni, lile duara linaloizunguka feni ili ivute hewa kupitia rejeta na si kutoka pembeni, lilimsumbua alipobadili mkanda, akaliacha nje. Mwisho akakata kandambili vipande, akaviweka chini ya bawaba za boneti ili nyuma ibaki wazi. "Joto linapanda juu, dada," aliniambia. "Nimelifungulia dirisha." Gari likisimama, kweli, hilo ni dirisha. Likikimbia, upepo unaogonga kioo cha mbele unasukumwa kuingia hapohapo, na joto la injini na harufu ya moshi vinakuja kukaa nasi mbele. Tulifika misa ya Pasaka tukinuka kama gereji.

Kisha ugonjwa wa mnyauko ukaingia mashamba ya migomba ya Kirushya. Nilikwenda kumpa pole Mzee Paulo, rafiki yako, yule mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Alinipokea kwa aibu. "Mwanangu, leo unatoka kwangu mikono mitupu," alisema, na machozi yalimlengalenga. Nikamwambia si kitu, baba, nikapanda gari. Nikaukabili mlima nikiwa na ndoo mbili za maji tayari. Bihogo akapanda. Alikuwa wa moto, ndiyo, kwa yote aliyotendewa na Zakaria, lakini maji hayakuchemka. Nilifika juu, nikasimama, nikashuka, nikazunguka kulitazama gari kama mtu aliyekutana na mgeni. Nikatazama mbele. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona tukitoka Kirushya: rejeta.

Mikungu, Shangazi! Mikungu ya ndizi ya zawadi! Miaka yote ile gari lilijaa watu na magunia, na kwa kuwa mgeni haachwi aondoke mikono mitupu, walituning'inizia mikungu miwili mbele, juu ya bampa, ikaziba uso wote wa gari. Tena ilitakiwa iwe mbele, majirani waione, wajue Mzee Paulo kamsindikiza mgeni wake ipasavyo. Bihogo hakuwa anachukia nyumbani. Alikuwa anazibwa pua na upendo, kisha anaambiwa apande mlima.

Nilikaa kando ya barabara nikacheka mpaka mwendesha baiskeli akasimama kuniuliza kama naumwa. Halafu nililia kidogo, kwa sababu wewe ndiye mtu niliyetaka kumwambia.

Basi nikampeleka Biharamulo kwa fundi Hamza, ambaye haamini kitu mpaka akishike. Tulirudisha themostati. Tuliosha rejeta kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa injini kwenda nje. Zikatoka mbegu za nyasi, panzi wakavu, na udongo mwekundu wa kutosha kuoteshea mche wa kahawa. Vipande vya kandambili tuliviondoa. Bati la ekzosi nililikuta jikoni kwa Zakaria, wifi analikaangia karanga. Kava la feni lilikuwa kwenye banda lake, kuku ameatamia ndani yake mayai tisa. Hamza aliwahi kuniuliza kwenye simu, "Vipuri vinachelewa wapi?" Nikamjibu, "Vinasubiri kuanguliwa." Hatukununua kitu ila mipira miwili na geji mpya. Vilivyobaki vyote vilikuwa mali ya Bihogo, vimetawanyika nyumbani kwa mtu aliyesema uzee hauna fundi.

Wiki iliyopita nilimchukua Zakaria kwa lazima, twende Kirushya turudi. Shamba la juu la Mzee Paulo lilikuwa limepona, naye alikuwa na mikungu tayari, na kamba mkononi.

"Hapana, baba," nikasema. "Leo tunaiweka juu kwenye keria."

"Juu ya paa? Nani ataiona?"

"Mungu ataiona, baba."

"Mungu simpi zawadi ya ndizi, anazo zake! Nataka aione yule jirani wa pale chini."

Tukaafikiana: mikungu juu ya paa, nami nipige honi mbele ya kila nyumba mpaka mwisho wa kijiji. Nilipiga. Mzee Paulo alisimama barabarani amevaa kofia yake, anapunga mkono kama waziri.

Tulipoanza mlima Zakaria alishika mpini wa mlango. "Dada, umesoma vitabu vingi, lakini injini hazisomi. Utaona hapo kwenye kona." Tukapita kona. "Hapo kwenye jiwe." Tukapita jiwe. Geji mpya ilisimama katikati kama askari wa zamu. Juu kabisa nikazima, nikafungua boneti, nikakata waya, nikampa kiazi nilichokifunga mahali pako palepale. Akakimenya kwa meno, akatafuna, uso ukamkunjamana.

"Kibichi," akasema.

"Sema tena, simu ipo karibu, nirekodi ukoo wasikie."

"Kibichi, dada. Umefurahi?"

Nilifurahi, Shangazi. Sina unafiki wa kusema sikufurahi. Lakini kuna jambo alilolisema tukishuka, kwa sauti ndogo, ambalo sikulitegemea: "Tatizo ni kwamba kila nikiliona limesimama uwanjani namwona yeye. Likiondoka, labda nitapumzika." Nikapunguza mwendo. Kumbe mpinzani wangu hakuwa akibishana kuhusu maji. Hata hivyo, huzuni si sababu ya kukata gari vipande. Mimi nami nakuona mle ndani, kwenye mto ule, ukibadili gia kwa mikono miwili, na ndiyo maana nataka aendelee kutembea.

Hivi ndivyo tulivyo, Shangazi. Tunabishana, tunakula, tunakutaja. Migomba inarudi taratibu, binti Dizeli anasomea uuguzi, na mimi nimejifunza kutazama mbele ya gari kabla sijamlaumu mtu yeyote kwa umri wake. Pumzika vyema; huku tutakusumbua kwa habari tu, si kwa machozi.

Na sasa ninyi, watoto wa kaka zake, mtakaokuja Jumamosi. Wewe Zakaria, mwambie mnunuzi wako asifunge safari. Ninyi mlioweka vidole gumba bila kufungua boneti, vifuteni leo hii. Kila nyumba ilete mtu mmoja mwenye leseni, tupange zamu ya udereva kabla ya chai, kwa sababu masika hayangoji kikao. Na yeyote atakayesimama kusema Bihogo auzwe, kwanza amtaje kwa jina, mbele yetu sote, mtu atakayemteremsha mjamzito wa Kirushya hadi hospitali siku ya tope, na amtaje kwa sauti, ili wanawake wa Kirushya wamsikie.

Binti wa kaka yako, yuleyule mbishi